Mtu mfupi hahitaji 'kuzoea' baiskeli kubwa, anahitaji inayomtosha

Kuna neno moja ambalo wauzaji wengi wa baiskeli hapa Kisumu wamelifanya jibu la kila swali: "Utazoea." Ukisema kiti kiko juu, utazoea. Ukisema miguu haigusi chini, utazoea. Ukisema vidole vyako havifiki kwenye breki, "dada, we chukua tu, utazoea."

Mimi nasema hutazoea. Utaanguka mara mbili, mara ya tatu watoto wa ploti watakaa kando kukutazama, na wiki ya pili baiskeli itakuwa kamba ya kuanikia nguo. Halafu utaambiwa tatizo ni wewe, eti baiskeli haikukubali.

Nawaandikia watu wazima wa kimo kifupi, wale wa futi tano hivi, ambao hawakujifunza utotoni na sasa wanataka kuanza. Wengi wenu ni wanawake, na mko wengi kuliko mnavyodhani. Mnahesabu nauli kila jioni na mnajua hesabu hiyo inakoelekea.

Hebu tuipige pamoja. Tuseme unatumia Sh100 kwa siku kwenda kazini na kurudi, siku sita kwa wiki. Hizo ni Sh600. Baiskeli ya Sh12,000 itakuwa imejilipa kwa wiki 20, yaani miezi mitano hivi. Baada ya hapo, pesa unayotoa ni ya panchari, mafuta ya cheni na fundi mara moja moja. Hakuna mwajiri atakayekuongezea mshahara kwa urahisi huo.

Na mji wenyewe unaruhusu. Kutoka Dunga na Nyalenda hadi katikati ya mji, au kutoka Nyamasaria ukielekea uwanda wa Kano, ardhi ni tambarare. Kazi inaanza tu ukiamua kupanda Riat au Kajulu. Barabara ya Oginga Odinga ilikarabatiwa kabla ya kongamano la Africities la Mei 2022, na wenye miguu wakapewa nafasi ambayo hawakuwa nayo.

Tena baiskeli si ugeni huku. Boda boda zilianzia mpakani Busia miongo kadhaa iliyopita, zikiwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisumu nayo ilikuwa na jeshi lake la boda za baiskeli kabla nduthi hazijafurika mwishoni mwa miaka ya 2000. Kwa Dholuo baiskeli ni ndiga, na kila mzee wa hapa ana hadithi ya ndiga.

Lakini angalia hadithi hizo zinavyomweka mwanamke. Yuko nyuma, kwenye karia yenye mto, amekaa upande, ameshika kiti cha mwanamume anayeendesha. Baiskeli yenyewe ilitengenezwa hivyo. Black Mamba ni mjukuu wa baiskeli za Kiingereza kama zile za Raleigh ya Nottingham: fremu ndefu, chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, na ile paipu ya juu iliyonyooka kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Ilimfaa mtu mrefu anayevaa suruali. Wengine tulipewa nafasi ya abiria.

Hiyo paipu ya juu ndiyo kesi yote. Ukisimama katikati ya baiskeli, miguu yote miwili ikiwa chini, paipu isikuguse. Ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu angalau. Mtu wa futi tano ana mguu wa ndani wa takriban sentimita 68 hadi 72. Kwenye Black Mamba ya kawaida, paipu hukaribia sentimita 80 kutoka ardhini. Piga hesabu mwenyewe, halafu fikiria kusimama ghafla mbele ya tuktuk pale Kondele.

Kwa hivyo kabla hujaenda sokoni, jipime. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja ukikisukuma juu kama unakalia kiti, kisha mtu apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Andika hiyo namba kwenye simu. Ukifika kwa muuzaji, toa futi ya fundi cherehani upime paipu ya juu. Atacheka. Mwache acheke, pesa ni zako.

Sasa, ununue ipi?

Jibu langu ni fremu iliyoinama katikati, ile ambayo wengi huiita baiskeli ya akina mama, yenye magurudumu ya inchi 24 au 26, gia moja au chache, na chuma cha kawaida. Unaipanda kwa kupitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuurusha nyuma. Sketi inakubalika, dera linakubalika ukilikunja lisinaswe na cheni, na ukitetereka unashuka tu. Wanaume wafupi, msiogope hilo jina. Fremu haijui jinsia ya anayeikalia.

Jihadhari na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni baiskeli ya mtoto ya inchi 20. Ni bei nafuu na miguu inafika, kwa hivyo unashawishika. Lakini nyingi ziliundwa kubeba kilo za mtoto. Nguzo ya kiti ni fupi, magoti yatakugonga kifuani, na ukiivuta nguzo kupita alama yake inaweza kuvunjika. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Mtego wa pili ni "mountain bike" ya kupendeza yenye gia 21 na springi mbele na nyuma. Kwenye picha inawaka. Barabarani, springi za bei ya chini zinaongeza uzito na kumeza nguvu zako, na gia za bei ya chini zinakupeleka kwa fundi kila mwezi. Kwa safari ya Nyalenda hadi mjini hauhitaji gia 21. Ukiishi upande wa Kajulu, gia sita au saba za nyuma zinatosha kabisa.

Mtego wa tatu ni nguvu kupita kiasi. Baiskeli za Buffalo za World Bicycle Relief ni mashine za kweli: karia inabeba hadi kilo 100, na breki unaikanyaga kwa kurudisha pedali nyuma. Kwa mtu wa kuchukua samaki ufuoni au kubeba maziwa, naziheshimu sana. Lakini zina zaidi ya kilo 20. Ukiwa na kilo 45 na ndiyo kwanza unajifunza, baiskeli kama hiyo ikianza kuinama unaifuata. Ijaribu kwanza uone kama unaweza kuizuia kwa mkono mmoja.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mtumba ndio mlango. Soko la Kibuye lina mambo yake, hasa Jumapili, na mafundi wa kando ya barabara mara nyingi huwa na moja au mbili za kuuza. Ila usitumie pesa zote kwenye baiskeli. Kama una Sh12,000, tafuta ya Sh9,000 na uache Sh3,000 kwa mpira wa breki, tyubu, kufuli na helmeti. Baiskeli ya mtumba isiyohitaji chochote ipo kwenye maneno ya muuzaji tu.

Nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Mnapofika, fanya haya. Inua gurudumu ulizungushe: likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda. Shika mikono ya pedali uitikise: ikicheza, beringi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye viungo vya fremu ukitafuta ufa uliofichwa na rangi mpya. Uliza kama fremu ni chuma au alumini, maana chuma fundi wa jua kali atakichomea, alumini itamshinda.

Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Inchi 26 si moja. Kuna tairi za 26 zinazopatikana kwa kila fundi na kuna nyingine za 26 zenye rimu tofauti kabisa. Muulize fundi kama saizi hiyo ataipata hapa mjini kabla hujalipa.

Mvua nayo usiisahau. Udongo mweusi wa huku chini, ukilowa, unajibana kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Chagua yenye nafasi ya kutosha hapo.

Breki ni jambo ambalo watu wafupi tunalipuuza kwa sababu tunafikiria miguu pekee. Vidole vifupi pia vinahesabika. Breki nyingi za mkono zina skrubu ndogo ya kuzisogeza karibu na usukani. Fundi anaimaliza kwa dakika tano. Bila hivyo, siku ya hatari utakuwa unatafuta breki kwa ncha za vidole.

Mwisho wa yote, dai risiti au maandishi yenye jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, pamoja na namba iliyogongwa kwenye fremu. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Ukishainunua, usikubali kushikiliwa kiti ukimbizwe kama mtoto. Mtu mzima hujifunza vizuri zaidi akiwa na udhibiti. Toa pedali zote mbili, shusha kiti hadi nyayo zikanyage chini kabisa, kisha jisukume kwa miguu kwenye uwanja wa nyasi au mteremko mdogo. Ukiweza kuelea hatua kumi bila kukanyaga, rudisha pedali. Kumbuka pedali ya kushoto hufungwa kinyume na nati za kawaida. Baada ya wiki kadhaa panda kiti kidogo kidogo hadi goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Kiti cha kujifunzia si kiti cha safari, ukikiacha chini magoti yatakulalamikia.

Najua pingamizi zenu. La kwanza: watu watanicheka. Ndiyo, watakucheka, hasa vijana wa steji. Watacheka siku tatu, ya nne watakuwa na mwingine wa kumcheka. Ukijifunza Jumapili asubuhi na mapema uwanjani, hata hizo siku tatu unazipunguza.

La pili ni zito: barabara ni hatari. Hapa sitawadanganya. Matatu hazitupi nafasi, nduthi zinapita kushoto na kulia, na njia ya pembeni mara nyingi imegeuzwa maegesho au kibanda. Vaa helmeti, weka taa nyuma, epuka barabara kuu katika miezi ya mwanzo, na panga kufika nyumbani kabla ya giza. Lakini mzigo huu hauwezi kuwa wa mwendeshaji peke yake.

Kisumu ilipata mpango wake wa usafiri endelevu mwaka 2020, unaotambua wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Kaunti iusome tena. Njia ya baiskeli iliyojaa nduthi zilizoegeshwa si njia, ni mapambo. Na mtu wa kwanza anayefukuzwa barabarani na hali hiyo ni yule anayeanza, yule mfupi asiyeonekana vizuri na dereva wa lori.

Wauzaji nao wana biashara wanayoiacha mezani. Mteja mfupi akija na kukosa saizi yake, harudi, na anawaambia marafiki zake baiskeli si za watu kama sisi. Mama anayenunua samaki Dunga anamlipa mwenye nduthi kila siku kwa safari ambayo angeiendesha mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha fremu inayomtosha. Wekeni hata mbili tatu ndogo mbele ya duka. Shusheni kiti kabla mteja hajauliza. Mwacheni azunguke nayo kidogo.

Nanyi wasomaji wenzangu wa futi tano: kiatu cha saizi nane hukinunui ukitegemea mguu utakua. Msinunue baiskeli kwa matumaini hayo. Jipimeni wiki hii, tafuteni fundi mnayemwamini, na muuzaji akikataa mpime fremu yake, muageni kwa heshima mwende kwa jirani yake.