Kuendesha skrini za meinifremu: chagua kiolesura kinachojua kusubiri

Nimekuwa kimya kidogo, kazi imenibana. Leo niongee kuhusu jambo ambalo mimi nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta bila kulisikia hata mara moja: kuandika programu inayobonyeza vitufe badala ya mtu kwenye skrini za meinifremu.

Meinifremu ni zile tarakilishi kubwa ambazo benki na kampuni za bima nyingi bado zinazitegemea. Zamani mfanyakazi aliketi mbele ya teminali ya IBM 3270, iliyotoka mwaka 1971. Siku hizi anafungua dirisha linaloiga teminali hiyo: mistari 24, herufi 80 kila mstari, basi. Sasa bosi anataka taarifa za maelfu ya wateja zitolewe humo. Nani atakaa kunakili? Ndipo unapotakiwa kuchagua kiolesura cha programu.

Wengi huuliza kwanza kama kinakubali lugha wanayoipenda. Mimi nauliza: kinajuaje kwamba meinifremu imemaliza kujibu?

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nafanyia kampuni moja ya bima ya ng'ambo kazi ya mbali, nikiwa hapa hapa nyumbani. Programu yangu iliandika nambari ya mteja, ikabonyeza Enter, ikalala sekunde 2, kisha ikasoma anwani. Kwenye majaribio, safi kabisa. Alasiri moja meinifremu ikazidiwa, majibu yakachukua sekunde 5. Programu ikasoma skrini ya zamani bila wasiwasi wowote, na anwani ya mteja mmoja ikaandikwa kwa jina la anayefuata. Barua za madai ya watu zikafika kwa wageni. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliotokea. Kwa programu kila kitu kilikuwa sawa!

Nilikuwa natumia EHLLAPI, mtoto wa HLLAPI ya miaka ya 1980. Ni fankisheni moja tu yenye vigezo vinne, na kazi unaichagua kwa nambari: 1 kuunganisha, 3 kutuma vitufe, 4 kusubiri, 8 kunakili sehemu ya skrini. Enter unaiandika "@E". Mstari wa 10 safu ya 20 unakuwa nafasi ya 740 (piga hesabu mwenyewe). Inachosha, lakini kosa halikuwa lake. Nambari 4 ilikuwepo, nami nikaipuuza kwa sababu sekunde 2 zilikuwa rahisi kuandika.

Hata hiyo 4 haitoshi peke yake. Ukibonyeza Enter kibodi hufungwa hadi meinifremu iifungue, na kuna mifumo inayoifungua kabla haijamaliza kuchora skrini. Kwa hiyo subiri kibodi ifunguke, halafu hakikisha nambari ya mteja iliyo kwenye skrini ndiyo uliyoiomba. Isipolingana, simama. Kwenye Personal Communications ya IBM kuna vitu vyenye majina ya kueleweka, kama WaitForInputReady na WaitForString. Ukiwa tayari una programu hiyo, sioni kwa nini ujitese na nambari.

Nikiachiwa nichague, nachukua s3270, ndugu asiye na dirisha wa x3270. Ni ya bure, inasoma amri kama maandishi na kujibu kama maandishi, kwa hiyo lugha yoyote inaiweza. Kila jibu huja na mstari wa hali, na herufi yake ya kwanza inakuambia kibodi imefunguliwa (U) au imefungwa (L). Inakaa kwenye seva usiku kucha bila mtu kuacha kompyuta wazi mezani.

Ila kuna jambo moja litakalokukwama. EHLLAPI inadandia kikao ambacho karani amekwisha kukifungua kwa nywila yake. S3270 inafungua muunganisho wake yenyewe, hivyo inahitaji akaunti yake. Kuipata hiyo akaunti kwa watu wa usalama kulinichukua muda mrefu kuliko kuandika programu nzima. Anza kuiomba leo, kabla hujaandika mstari hata mmoja.