Shofaji inapokufa Marekani, makala si jibu

KAMA, Maniema – Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Machi, ujumbe wa namna moja huingia kwenye simu za jamaa nyingi hapa Kama na kule Kindu: mwezi huu pesa haitatumwa, shofaji ya nyumba imeharibika. Anayeusoma akiwa kivulini, shati limemlowa jasho, huona ni maneno ya kukwepa. Baridi yetu ni ya asubuhi baada ya mvua. Jua likipanda imekwisha. Kumwambia mtu wa Pangi kwamba mashine ya kupasha nyumba joto inaweza kuwa shauri la kufa na kupona ni kama kumwambia mvuvi wa Lualaba kwamba mto umeganda.

Lakini hesabu ipo. Februari 2021 jimbo la Texas, ambako Wakongo wengi wamepewa makao, lilipigwa na dhoruba ya theluji. Tarehe 16 mji wa Dallas ulifika nyuzi 19 chini ya sufuri. Kongelateri ya muuza samaki kwa kawaida hufanya nyuzi 18 chini ya sufuri, kwa hiyo nje ya nyumba kulikuwa baridi kuliko ndani ya kongelateri. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Baadaye serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Kati yao 161 waliuawa na baridi yenyewe, 10 na moto uliounguza nyumba, na 19 na hewa ya sumu, ile inayotoka kwenye makala, jenereta au gari linalowashwa mahali pasipo na upenyo.

Hao 19 ndio wanaotuhusu zaidi, kwa sababu walikufa wakitafuta joto.

Kwanza tuelewane juu ya mashine yenyewe. Nyumba nyingine za Marekani hupashwa joto kwa umeme, nyingine kwa gesi au mazuti. Hata ile ya gesi ina feni na kifaa cha kuwashia vinavyokula umeme. Umeme ukikatika, gesi inaweza kuwapo na joto lisipatikane. Texas iliongeza jambo jingine: mitambo mingi ya umeme inatumia gesi, na mitambo ya kusukuma gesi inatumia umeme, hivyo kimoja kilipoanguka kikavuta kingine. Msomaji wa Kindu hahitaji kufundishwa maana ya kukatiwa umeme. Tofauti ni kwamba huku tunakosa taa na kuchaji simu, na kule ndani ya saa chache kuta za nyumba zinakuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Sasa mtu aliyekulia hapa, au aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, atafanya nini usiku wa namna hiyo? Atatafuta makala. Ni akili ya kawaida na haina ujinga wowote ndani yake. Mama zetu wamepika kwa mbabula miaka yote na wako hai. Lakini tunapikia nje, au kwenye jiko lenye mlango wazi, na pale juu ukuta unapokutana na bati kuna upenyo. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila mahali ili joto lisitoke, na kisichoruhusu joto kutoka hakiruhusu sumu kutoka.

Tena hewa hiyo haina rangi wala harufu. Wengi wanadhani hatari ya makala ni moshi, kwa hiyo wanangoja moshi uishe, makala yawe mekundu kabisa, ndipo wanaingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Wanaingiza sumu. Makala yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyo na moshi hata kidogo, bado yanaitoa. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na anayelala haamki. Watu wa milima ya Kivu, ambako usiku ni baridi kweli, wanaijua habari hii kuliko sisi wa msituni.

Hita ndogo ya umeme nayo ina mambo yake. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la orofa 19 mtaani Bronx, New York, moto ulianza kwenye hita ya namna hiyo. Wazima moto walisema ilikuwa imewaka siku nyingi mfululizo, kuongezea joto la jengo. Milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga, moshi ukapanda ngazi. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto. Familia nyingi zilikuwa za asili ya Gambia.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tatizo kubwa linaanzia kwa mwenye nyumba. New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Mei, mwenye nyumba ya kupangisha analazimishwa na sheria: mchana, nje kukiwa chini ya nyuzi 13, ndani pafike angalau nyuzi 20; usiku karibu nyuzi 17. Asipofanya hivyo, mpangaji anapiga namba 311, na sheria inakataza kulipiziwa kisasi kwa kulalamika. Miji mingine ya baridi, kama Chicago, ina kanuni zinazofanana. Lakini sheria inamfaa anayepiga simu. Aliyejifunza kambini kwamba mlalamikaji hupata taabu zaidi, na ambaye Kiingereza chake ni kile cha mtoto wake wa shule, atavaa makoti mawili na kuvumilia. Uvumilivu huo ulimvusha vita na njaa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili inaanza kupotea, na hapo mtu hajui tena kwamba yuko hatarini.

Na msaada umepungua. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote. Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump alisimamisha mpango huo, na siku chache baadaye mashirika yanayowapokea wakimbizi yakaamriwa kusimamisha kazi. Waliokuwa wametua wiki chache tu kabla walibaki katikati ya baridi bila yule mfanyakazi wa shirika ambaye wangemwambia kwamba shofaji haiwaki. Aprili mwaka huohuo wafanyakazi wa ofisi ya LIHEAP, mpango wa serikali unaosaidia maskini kulipa fakture za joto, walifutwa kazi. Mwisho wa mwaka, serikali ilipofungwa tangu 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, pesa za mpango huo zilichelewa kufika majimboni, majira yale watu walipoanza kuwasha shofaji.

Kwa hiyo jamaa anayepokea ujumbe wa Januari hapa Kama ana sababu ya kuuamini. Nyumba ikiwa ya kupanga, kutengeneza mashine ni kazi ya mwenye nyumba. Ikiwa yake mwenyewe, fundi anaweza kudai mamia au maelfu ya dola. Kabla ya kuuliza pesa itakuja lini, aulize usiku wanalala na joto gani, na kama wamempigia mwenye nyumba. Aulize pia kama ukutani kuna kile kidude kinachopiga filimbi kikinusa hewa ya sumu, na kama betri yake bado imo. Wengine huitoa, kwa sababu ya kelele.