Hawakuikataa Shule

Kila mwaka, Septemba na Oktoba, mkoa wa Simiyu huingia msimu wa mahafali ya kidato cha nne. Kuanzia Bariadi mjini hadi Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili na Nyashimo, maturubai hufungwa, wali hupikwa kwa masufuria makubwa, na wazazi hufika na mashada ya karatasi za kung'aa ili wawavishe watoto wao. Kisha mhitimu mmoja husimama mbele ya mgeni rasmi na kusoma risala. Sehemu moja ya risala hiyo inafanana karibu kila shule: tulianza kidato cha kwanza tukiwa wanafunzi kadhaa, wavulana kadhaa na wasichana kadhaa, leo tunahitimu tukiwa pungufu, wenzetu wengine hatunao kutokana na sababu mbalimbali zikiwemo uhamisho, utoro, ujauzito na vifo. Baada ya hapo msomaji anapita kwenye mafanikio, changamoto na maombi ya uzio na kompyuta.

Hakuna anayesimamisha risala hapo. Sijapata kumsikia mgeni rasmi akiuliza hao waliopungua ni akina nani na wako wapi leo. Na sababu ya kutouliza inafahamika, maana inasemwa waziwazi minadani, kwenye vikao vya wazazi na hata katika ofisi za walimu: aliyetaka kusoma amesoma. Elimu ni bure, shule ya kata ipo, aliyebaki nyumbani amependa mwenyewe. Wapo wanaoongeza kwamba Msukuma na shule wapi na wapi, yeye mpe ng'ombe na shamba la pamba.

Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watoto wetu kila mwaka. Anayetaka kuujua uongo wake achukue darasa moja tu, lile lililoingia kidato cha kwanza Januari 2020 na kukaa kwenye chumba cha mtihani wa taifa Novemba 2023, alifuate mwaka baada ya mwaka.

Watoto wale walimaliza darasa la saba mwaka 2019. Mkulima yeyote wa Simiyu anaukumbuka msimu wa pamba wa mwaka huo. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, wanunuzi wakasita, pamba ikakusanywa kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), na wakulima wakarudi nyumbani na stakabadhi bila fedha. Wengi walisubiri malipo kwa miezi. Sasa mkulima huyo, ambaye pamba ndiyo mshahara wake wa mwaka mzima, anapokea fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Ni kweli kwamba ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa iliondolewa kuanzia Januari 2016, na serikali inastahili sifa kwa hilo. Lakini sare bado ni yake. Viatu ni vyake, madaftari, begi na mchango wa chakula ni vyake, na kama shule iko mbali, kodi ya chumba ni yake pia. Mtoto aliyechelewa kuripoti Januari ile kwa sababu baba yake alikuwa anadai malipo ya pamba yake, ni haki kusema hakutaka shule?

Waliobahatika kuripoti walikaa darasani wiki kumi hivi. Tarehe 17 Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona. Masomo yakahamia redioni na kwenye televisheni, jambo lililowafaa wenye televisheni na umeme. Katika vijiji vya Itilima na Meatu, mtoto wa kidato cha kwanza alirudi shambani na machungani. Madarasa yao yalifunguliwa tena tarehe 29 Juni, baada ya siku 104. Kwa desturi ya shule zetu, mwanafunzi asiyeonekana kwa siku 90 mfululizo huhesabiwa ameacha shule kwa utoro. Karibu taifa zima lilikaa nje zaidi ya siku hizo, na hakuna aliyeitwa mtoro, kwa kuwa wote tulikubali kwamba kulikuwa na sababu kubwa kuliko mtoto. Ninachodai ni kwamba sababu kubwa kuliko mtoto hazikuisha tarehe 29 Juni.

Angalia kalenda ya shule na kalenda ya shamba. Muhula unaanza Januari, wakati pamba iliyopandwa Novemba na Desemba inahitaji palizi. Mei hadi Julai ni kuchuma. Familia isiyo na fedha ya vibarua ina mikono ya watoto wake tu. Mtoto anakosa Jumatatu, anakosa wiki, akirudi anakuta darasa limevuka mada mbili, tena kwa Kiingereza ambacho ameanza kukisikia mwalimu akikitumia kwa karibu vipindi vyote Januari ile ile, baada ya miaka saba ya Kiswahili darasani na Kisukuma nyumbani. Anaadhibiwa kwa kukosa. Anakosa tena kwa kuogopa adhabu. Mwisho jina lake linaandikwa kwenye safu ya utoro, na safu hiyo ndiyo inayoongoza kwa mbali katika takwimu za serikali za walioacha sekondari, miaka nenda miaka rudi. Takwimu inatuambia kwamba mtoto hayupo. Kilichomwondoa haikitaji, na sisi tumeridhika, kwa sababu neno lenyewe linamtupia mtoto mzigo wote.

Halafu kuna umbali. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 zililetea vijiji vyetu heshima kubwa, lakini kata za Simiyu ni pana, na makorongo yake hujaa maji msimu wa mvua. Wapo wanaotembea zaidi ya kilomita kumi kwenda, na zile zile kurudi, wengi wao wakiwa hawajala kitu tangu usiku. Wanaoshindwa hupanga geto karibu na shule: chumba kimoja, watoto wawili au watatu, godoro, jiko la mkaa, na gunia la unga kutoka nyumbani. Unga ukiisha katikati ya mwezi, hakuna mtu mzima wa kumwuliza. Msichana wa miaka 14 anayeishi hivyo atapewa lifti na bodaboda, atanunuliwa chipsi, atalipiwa kodi. Tukishafika hapo tunaitisha kikao na kusema watoto wa siku hizi hawana maadili.

Kuhusu wasichana sitazunguka. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliutaja mkoa wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo namba hiyo ni yetu pia. Mahari ya ng'ombe inajulikana, na kila mtu hapa anajua pia jambo linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba wapo wazazi wanaomwagiza binti ajaze majibu yasiyo sahihi kwenye mtihani wa darasa la saba, ili asichaguliwe. Binti wa namna hiyo anaandikwa kwamba amefeli, na mjini tunasoma matokeo na kusema wasichana wa Kisukuma si wa kusoma.

Sheria nayo imeweka mguu mmoja ndani na mwingine nje. Tangu 2016, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Pima maana ya sheria hizo mbili kwa msichana wa kidato cha pili. Ulinzi wake mkali zaidi unatokana na kuitwa mwanafunzi. Siku jina lake linapofutwa kwenye daftari la mahudhurio kwa utoro, sisi wenyewe tunakuwa tumemvua ngao hiyo. Mwalimu anayekata jina kwa kalamu nyekundu bila kwenda kuuliza nyumbani aelewe uzito wa anachokifanya.

Na darasa lile la 2020 lilipokuwa linamaliza kidato cha pili, tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za serikali. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu 1994. Mlango ulifunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa Dodoma unahitaji mtu wa kwenda hadi kijijini kumwambia binti mwenye mtoto mgongoni kwamba kiti chake bado kipo. Anayeamini kwamba binti yule aliikataa shule hatapoteza nauli ya bodaboda kumfuata. Hapo ndipo imani hii inapoua: inawapa watu wazima ruhusa ya kukaa.

Najua nitaambiwa: wapo wavivu. Wapo, kama walivyo katika kila darasa la Arusha na Dar es Salaam. Nitaambiwa wapo wazazi wenye ng'ombe mia wasiotaka kuuza hata mmoja kwa ajili ya sare. Wapo pia, na sheria iwafuate bila huruma. Lakini ukisema hivyo umeshakubali hoja yangu, kwa kuwa mtoto hamchagui baba yake wala hamwamuru auze ng'ombe.

Ushahidi mkubwa zaidi tunao hapa hapa mkoani. Enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, kati ya 2016 na 2021, Simiyu ilianzisha kambi za kitaaluma. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, wakalala mahali pamoja, wakala, wakapata taa za kusomea usiku, na walimu wazuri wa kila somo kutoka shule mbalimbali wakawafundisha kwa zamu. Wazazi na wadau walichangia chakula. Mkoa uliokuwa unasahaulika ukapanda katika orodha ya ufaulu ya taifa, na mikoa mingine ikaanza kuuliza siri.

Siri ilikuwa wazi. Watoto walikuwa wale wale, wa baba wale wale na mashamba yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliwaondolea njaa, umbali na giza, akawapa mwalimu. Kama kweli Msukuma hapendi shule, kambi zile zingebaki tupu. Sisi tukaufurahia ufaulu na kuliacha somo lenyewe. Kambi ilikuja mwishoni, kwa ajili ya waliokwisha kufika. Wenzao walikuwa wameanguka kidato cha kwanza na cha pili, wakati hakuna aliyewapikia wala kuwawashia taa.

Januari 2023, darasa letu likiwa linaanza kidato cha nne, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wengi walilalamika. Mimi niliona afadhali. Tumetumia miaka mingi kuwashangilia walio juu ya orodha, na shule inaweza kuwa na wastani mzuri sana baada ya kupoteza theluthi ya watoto wake. Kinachopaswa kutangazwa ni kingine: walioingia kidato cha kwanza wangapi, waliofika kidato cha nne wangapi. Mkuu wa shule apimwe kwa hilo, na mkuu wa wilaya vilevile.

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye pamba. Sehemu ya fedha hiyo igeuzwe uji na makande ya mchana kwa kidato cha kwanza na cha pili, kwa sababu pamba ndiyo inayowatoa watoto darasani na ni haki iwarudishe. Hosteli za wasichana zitangulie uzio na kompyuta katika maombi ya risala. Kambi za kitaaluma zishuke hadi kidato cha pili. Na jina la mtoto lisifutwe mpaka mwalimu, mtendaji wa kijiji na mzazi wamekaa pamoja na kuandika sababu halisi kwa sentensi kamili.

Nanyi wahitimu wa mwaka huu, mnaojiandaa kuandika risala. Kila mmoja wenu anamkumbuka mtu aliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza, labda aliyemshinda kwenye hesabu, ambaye leo anachunga ng'ombe Meatu, anauza nyanya Lamadi au ananyonyesha mtoto wa pili. Mnajua kwa nini aliondoka. Mnajua kuliko mwalimu na kuliko afisa elimu. Msiandike sababu mbalimbali. Andikeni wangapi waliondoka kwa kukosa sare, wangapi kwa palizi, wangapi waliozwa, wangapi walilala na njaa geto mpaka wakashindwa. Isomeni risala hiyo mbele ya mgeni rasmi polepole, kisha msubiri ajibu kabla ya kuendelea na aya inayofuata.