Maoni tumeshatoa, nani mwenye ufunguo?

Ofisi nyingi za umma pale nyumbani zina kisanduku ukutani kilichoandikwa MAONI. Kufuli limeshika kutu. Ukiuliza ufunguo uko kwa nani, kila mmoja atakuonesha mwenzake.

Wengi husema hiyo ni dharau tu. Mimi naona tatizo ni kubwa zaidi: anayekusanya maoni siye mwenye uwezo wa kuyatekeleza, na mwenye uwezo halazimiki kumjibu mtu. Ndivyo ilivyo hata kwa tume zetu kubwa.

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, iliambiwa na wananchi takriban 80 kati ya kila 100 kwamba chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi, ikatoa sababu zake, na Serikali ikakubali. Hapakuwa na ubaya wowote. Lakini tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo Sheria ya Magazeti ya 1976. Sheria hiyo ikaachwa. Mwaka 2012 ikatumika kulifungia gazeti la MwanaHalisi, miaka 20 baada ya tume kumaliza kazi! Ilikuja kufutwa 2016.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Warioba. Wananchi wakaacha mashamba na biashara zao, wakaenda mikutanoni kusema. Rasimu ikataka serikali tatu. Bunge Maalum la 2014 likarudisha mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na haijapigwa. Tungali na Katiba ya 1977.

Ndugu zangu, Serikali kukataa pendekezo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Mwananchi aliyenyamaziwa mara tatu, mara ya nne hafiki mkutanoni, halafu tunamwita mvivu!

Dawa ni sheria fupi: kila ripoti ya tume ichapishwe, na ndani ya miezi sita Serikali ijibu kila pendekezo. Limekubaliwa au limekataliwa? Kwa nini? Nani atalitekeleza, na lini? Na sisi huku ughaibuni tuanzie kwenye vyama vyetu, ambako maoni ya wanachama huishia kwenye faili la katibu.

Bila hivyo tutaendelea kumpigia mbuzi gitaa.