Maktaba Ipo, Ufunguo Uko Wapi?

Mtu wa Mombasa akiambiwa habari za maktaba ya Bungoma aweza kuuliza, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilifika pwani yetu. Mmoja wao, uitwao TEAMS, ulitoka Fujaira, upande ule ule yalikotoka majahazi ya kaskazi. Kwa nyaya kama hizo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, huketi na simu yake akasoma maandishi yaliyohifadhiwa London au Dar es Salaam.

Kibabii kilianza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kikapata hati yake mwaka 2015. Chuo kichanga namna hiyo hakiwezi kujaza rafu kama vyuo vikongwe. Hapo ndipo maktaba ya elektroniki inapokuwa neema. Tena tangu mwaka 2003 maktaba za Kenya zina umoja wao, KLISC, unaolipia majarida ya kitaalamu kwa pamoja, maana kila mmoja akienda sokoni peke yake bei itamshinda.

Basi karamu imeandaliwa. Walaji wako wapi?

Katika vyuo vyetu vingi, wanafunzi wengi wakipewa kazi ya kuandika hukimbilia Google, wakachukua lililotangulia kutokea na kulinakili. Wako wasiojua kabisa kwamba chuo chao kimewalipia majarida. Wako wajuao, lakini neno la siri hawajapewa. Mwingine akienda likizo kwao Kitale hukuta mlango umefungwa, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha namna ya kuingia akiwa nje ya chuo. Na hata akionyeshwa, fedha za intaneti atoe mfukoni mwake.

Wapo wasemao kwamba vijana wa leo ni wavivu. Mimi sikubali. Hakuna mzazi wa Lamu au Mombasa ampaye mtoto msahafu siku ya kwanza akamwacha ajisomee. Mtoto hupelekwa chuoni, akaketi mbele ya mwalimu, akaanza na alifu na be, herufi kwa herufi, mpaka ulimi ukazoea. Kwa nini basi tumtie kijana mbele ya maelfu ya majarida, kisha tumlaumu kwamba hakusoma?

Kutafuta maandishi ni elimu. Kuchagua maneno ya kutafutia, kupambanua jarida la kuaminika na la ovyo, kumtaja mwenye kauli: yote hayo hufundishwa. Nasema liwe somo kamili la mwaka wa kwanza, lenye mtihani, wala si matembezi ya saa moja siku ya kupokea wageni. Neno la siri litolewe pamoja na kitambulisho cha chuo. Na wahadhiri nao waache kusomesha kwa madaftari ya miaka iliyopita. Mwalimu asiyedai jarida, mwanafunzi wake atalitafutia nini?

Sasa nirudi kwetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na karatasi zake zikaishia katika chuo cha SOAS, London. Leo hati nyingi za Kiswahili zilizoko huko zimepigwa picha na kuwekwa wazi kwa yeyote ajuaye kuzitafuta. Kijana wa Bungoma akifundishwa vyema atazisoma hati hizo, na hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini kijana wa Mji wa Kale asipofundishwa, atabaki barazani akijisifu kwa urithi wa babu zake, na ufunguo wa sanduku anao mwingine.