Ghorofa katika Nchi ya Mahindi

Naunga mkono ghorofa. Nalisema mapema kwa sababu wasomaji wengi wa Kitale na Bungoma watalifungua toleo hili wakitarajia tuzilaani, na baadhi ya waandishi wetu wamezilaani kwelikweli.

Hoja yangu ni ardhi. Ukitoka Kitale kuelekea Kiminini, au Bungoma kwenda Chwele, unaona mashamba ya mahindi yakikatwa vipande vya futi hamsini kwa mia, kila kimoja karibu thumuni ya ekari. Kila familia ikijenga yake chini, nchi inayolisha Kenya itageuka mitaa ya mabati. Na wasio na uwezo wa kununua ploti wanabanana katika mitaa ya Tuwan na Matisi mjini Kitale, chumba kimoja kwa familia nzima na choo cha kupangia foleni. Kupanda juu kunawapa hao makao na kuliacha shamba libaki shamba.

Lakini Waswahili wana mfano wao, nao tusiuruke. Mwaka 1968 Hubert Scholz, mtaalamu wa mipango miji kutoka Ujerumani Mashariki, alichora ramani mpya ya mji wa Zanzibar. Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, alitaka watu wa mtaa wa Ng'ambo, walioishi katika vibanda vya udongo na makuti, wapate umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Nia hiyo naiheshimu hadi leo. Majumba ya Michenzani, huko huko Ng'ambo, yakaanza kuinuka, mengine yakinyooka karibu mita 300 kutoka mwisho hadi mwisho. Zilipangwa nyumba maelfu, zikakamilika kama 1,100, na waliopewa walikaa bila kodi.

Kasoro zake zilionekana upesi. Lifti hakuna. Maji yalishindwa kupanda, mama wa ghorofa za juu akawa mbeba ndoo. Waliobomolewa nyumba zao hawakuwa na la kusema, na ujenzi ulioitwa wa kujitolea haukuwa rahisi kuukataa. Baraza, ambapo mtaa hukutana jioni, ikatoweka. Kisha, bila kodi, fungu la kuziba bomba na kupaka rangi lingetoka wapi?

Kinachotuhusu zaidi sisi wa magharibi ni jambo linalotajwa kwa nadra: ghorofa kama hizo zilijengwa hata shambani, Makunduchi na Bambi, na kule Pemba. Mkulima akapandishwa juu, jembe na kuku wake wakabaki chini.

Sasa ni zamu yetu kujengewa ghorofa. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwalimu wa Kimilili hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Ana haki ya kuuliza maswali ambayo wakazi wa Ng'ambo hawakupewa nafasi ya kuyauliza. Mahindi yakivunwa, atayaanika wapi, na magunia yatakaa chumba gani? Msiba ukitokea, hema la matanga litasimamishwa wapi?

Kuna swali zito kuliko hayo. Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu hutahiriwa. Kwa desturi, kijana aliyetoka jandoni halali tena katika nyumba ya mama yake. Hujengewa kibanda chake uani. Nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya nne haina ua. Familia yenye wana wawili itafanyaje? Wapo watakaosema desturi ibadilike. Mimi nasema mchoro ubadilike, kwa kuwa ni rahisi zaidi: ghorofa ya chini iwe na vyumba vidogo vyenye milango yake ya nje, vya kukodishwa na familia za juu kwa ajili ya vijana wao. Uwanja wa kuanikia usakafiwe. Pampu ya maji iwe na akaunti yake, wakazi wachangie kila mwezi, na wasimamizi wawe ni watu waliowachagua wenyewe.

Hakuna lolote hapo lililo ghali kuliko kuta zenyewe. Michoro ibandikwe soko la Kanduyi na steji ya Kitale kabla msingi haujachimbwa, na wenye magunia waulizwe kwanza.