Hesabu za Kidato cha Tano Zianzie Kwenye Butura

Bei ya kahawa ya robusta katika soko la London ilipanda mwaka 2024 hadi kuvuka dola za Marekani 5,000 kwa tani mwezi Septemba. Kwa mkulima wa Bukoba au Muleba aliyekuwa bado na kahawa yake, hiyo ilikuwa neema. Kwa yule aliyeiuza ikiwa maua, neema hiyo ilipita mlangoni kwake ikaingia kwa mwingine. Alikuwa amekwisha kula butura.

Wafanyabiashara wa Kagera hawahitaji kuelezwa butura ni nini. Mkulima mwenye shida hupewa fedha miezi kadhaa kabla ya mavuno, na kahawa iliyo mtini huhesabiwa kuwa mali ya aliyetoa fedha, kwa bei iliyopatanwa siku ya shida. Serikali imeipiga marufuku zaidi ya mara moja. Imeendelea, kwa kuwa shida yenyewe haipigwi marufuku.

Shida mojawapo ni shule. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini nauli, godoro, sare na madaftari havikufutwa. Kidato cha tano huanza Julai, katikati ya msimu wa kahawa, wakati ambapo mkulima alipaswa kuwa na fedha. Aliyekula butura hana. Hivyo kijana wa Kimwani anaweza kuingia katika mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu, maarufu kwa jina la ECA, akiwa amebeba godoro lililonunuliwa kwa butura. Darasani atafundishwa riba, mtaji na mizania. Deni lililonunua godoro lake hatalikuta katika zoezi lolote.

Hapo ndipo penye kasoro. Somo ni zuri, ila limewekwa mbali na soko.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano. Mkulima anapokea Sh. 60,000 mwezi Novemba kwa gunia moja la kahawa ya maganda. Mwezi Julai gunia hilo linauzwa Sh. 150,000. Mkulima amepoteza Sh. 90,000 kwa kutumia Sh. 60,000 muda wa miezi minane. Hiyo ni gharama ya asilimia 150. Kama angekopa fedha hizo kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, angelipa riba ya Sh. 9,600 tu, na baada ya kurudisha mkopo angebaki na Sh. 80,400 mkononi.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Mtoa butura hubeba hatari ya ukame, ya bei kuanguka na ya mkulima kuuza kahawa ileile kwa watu wawili. Sheria haimlindi, kwa hiyo hujilinda kwa bei ya chini. Tena huleta fedha siku ambayo mkulima hana pengine pa kukimbilia. Lakini kama hatari hiyo ni sababu ya kutosha kwa gharama ya asilimia 150 ni swali la hesabu, nalo lingefaa kuulizwa mbele ya wanafunzi wenye kalamu. Mwanafunzi atakayelijibu atakuwa amejifunza riba, hatari, mkataba na bei ya baadaye kwa siku moja, na atarudi nyumbani na jambo la kumwambia baba yake.

Kinachosomwa na kinachofanyika

Masomo ya kidato cha tano na cha sita hufundishwa kwa Kiingereza, na kampuni za kwenye mazoezi ni za kubuni. Kijana anaweza kukokotoa uchakavu wa mashine ya kiwanda asichokijua kwa njia tatu tofauti, lakini asimweleze mjomba wake, mwenye mtumbwi wa dagaa, kwamba injini nayo inachakaa na kwamba sehemu ya fedha za kila safari inapaswa kuwekwa kando kwa ajili ya injini ijayo. Mjomba huhesabu mafuta, nyavu na posho ya vijana, kinachobaki hukiita faida. Injini ikifa, mtaji unakufa nao.

Wapo wazee wa biashara huko Kimwani wasemao kwamba biashara haisomwi. Wana sababu ya kusema hivyo, maana wengi walijenga nyumba na kununua magari bila kuona leja. Lakini kumbukumbu za kichwani hazikubaliwi na benki, wala na mkusanya kodi. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya Sh. milioni 8 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitozwa Sh. 250,000. Mwenzake mwenye kumbukumbu alitozwa Sh. 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh. milioni 7, yaani jumla Sh. 120,000. Daftari lilimwokolea Sh. 130,000. Duka dogo hulazimika kuuza sukari nyingi kupata faida ya kiasi hicho.

Ushirika nao una haja hiyohiyo. Vyama vya msingi hukaguliwa na COASCO, na taarifa husomwa katika mkutano mkuu. Wanachama wanaoweza kuisoma mizania na kuuliza kwa nini makato yamezidi ni wachache. Wasioweza hupiga makofi, kisha hunung'unika njiani.

Nini kifanyike

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umefanya elimu ya biashara kuwa somo la lazima tangu kidato cha kwanza. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mtaala hauwezi kuandika butura ya Muleba kwenye kitabu kitakachosomwa pia Mtwara. Kazi hiyo ni ya walimu na wafanyabiashara wa mahali penyewe.

Kwanza, kila mwanafunzi wa ECA anayetoka vijiji vya kahawa na mialo ya samaki atumwe likizo kuandika hesabu ya biashara moja ya kweli kwa majuma manne. Iwe duka, mtumbwi au shamba. Majina yafichwe, tarakimu zisifichwe. Hesabu hiyo iandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya mwalimu, na kwa Kiswahili kwa ajili ya mwenye biashara.

Pili, wafanyabiashara wafungue madaftari yao. Asiyetaka mgeni aone mauzo yake aonyeshe matumizi peke yake. Atakachopata ni karani wa bure kwa mwezi mmoja.

Tatu, mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo hufunguliwa miezi kadhaa baadaye. Bodi za vyama vya msingi ziwatumie wahitimu wasiokwenda jeshini kutayarisha ukurasa mmoja wa hesabu ambao mkulima ataelewa: kilo zilizopokelewa, bei iliyouzwa, makato, na malipo ya pili. Posho yao itakuwa ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja wenye manung'uniko.

Itasemwa kwamba hesabu peke yake haimpi mkulima fedha ya Novemba. Ni kweli. Anahitaji chombo cha kukopesha kwa riba anayoimudu, na hicho hakijengwi na wanafunzi. Lakini chama cha akiba na mikopo nacho hufa pasipo mtu wa kuandika nani amekopa na nani amelipa, na watu hao ndio wanaotoka katika madarasa hayo kila mwaka.

Kwa mzazi anayempeleka mtoto kusoma biashara, huo ni mtaji kama mtaji mwingine, na kila mtaji hudaiwa marejesho. Asisubiri cheti. Likizo ijayo amkabidhi kijana kalamu, amweleze alipokea kiasi gani na kwa gunia ngapi, na asikilize jibu kabla hajatia tena sahihi yake.